Majina Yaliyotembea Yenyewe

Octave alikuwa karani wa ofisi ya misaada mjini Likasi. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Kikula kwa baiskeli, na kila jioni alirudi na kompyuta ndogo ya ofisi. Wezi walikuwa wameshavunja mlango wa ofisi mara mbili, kwa hiyo alilala nayo nyumbani.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na majina ya watu waliofukuzwa mjini humo mwaka 1993, wakapanda treni za kwenda Kasai. Wengi hawakufika. Daftari la mwisho lilikuwa limeliwa na mchwa. Karani mwenzake, Michel, alimaliza kulinakili kwenye kompyuta siku moja mchana, na karatasi zikabaki vumbi. Octave alikuwa hajayasoma majina hayo.

Octave alijiona mjanja. Aliizungushia kompyuta kitenge, akaitia ndani ya mfuko wa makala, mkaa wa kupikia, akaufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Nani ataiba makala yaliyobaki nusu mfuko?

Jioni ya siku hiyo ya daftari la mwisho mvua ilimkuta kwenye reli. Gurudumu likaingia shimoni. Mfuko ukagonga chuma, kisha ukaanguka majini.

Alifika nyumbani akitetemeka. Akaiweka kompyuta karibu na mbabula, jiko la mkaa, kama mtu anayekausha viatu. Baada ya muda mfupi akaiwasha, maana moyo ulikuwa hautulii.

Kioo kikatoa mwanga wa buluu. Majina yakatokea, yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, polepole. Octave alikuwa ameondoa mikono. Nje mvua ilikuwa imekatika, na nyumba nzima ilikuwa kimya.

“Papa Carine,” mke wake Élise akasema kwa sauti ndogo, akimwita kwa jina la binti yao, “ni nani iko nagusa ile mashini?”

“Hakuna muntu.”

Majina yaliendelea kupita. Baadhi yalikuwa ya majirani zao wa zamani. Élise alishika rozari na hakuthubutu kusogea. Aliogopa kweli, na mumewe pia aliogopa, ingawa alijifanya anakohoa.

Hapo akaingia jirani yao, Mama Gertrude, kuomba kaa la moto. Mama huyu alifanya kazi miaka kumi na minane katika chumba cha simu cha kiwanda. Alitazama mara moja tu. Akaizima kompyuta, akaigeuza, akaitoa betri.

Élise akapiga magoti.

“Irudishe, mama. Nimeona jina ya mama yangu. Alphonsine Mbuyi. Ilipita sasa hivi.”

Mama yake alipanda moja ya treni zile, na kwa miaka miwili hakuna aliyejua kama yu hai. Élise hakuweza kumngoja wala kumlilia.

Mama Gertrude akamwinua taratibu. Alimweleza kwamba hakuna mfu aliyegusa kitu. Maji yalikuwa yamekwama chini ya kitufe kimoja, na kitufe kikabaki kimebonyea.

“Ukiwasha leo, kuraa ya umeme itapita mu maji, itaunguza yote,” akasema. “Jina ya mama yako itakufa mara ya pili. Ngoya siku ine.”

Akaitoa kompyuta karibu na mbabula, kwa sababu moto huyeyusha plastiki na kusukuma mvuke ndani. Akaifuta kwa kitambaa kikavu. Akaisimamisha wazi, kichwa chini, kama hema, juu ya kabati penye hewa.

Siku nne ni nyingi. Élise alipika huku akiitazama. Siku ya pili alisikia kitu kikidondoka ndani ya kompyuta, tone moja. Akanyoosha mkono kwenye betri, kisha akaurudisha. Ili mikono ipate kazi, alimwomba Mama Gertrude amfundishe kushona mfuko wa kuibebea.

Walikata godoro kuukuu la sponji, wakalipanga pande zote, mpaka kwenye pembe. Nje wakaweka turubai yenye mfuniko mrefu. Mama Gertrude akamwonya Octave: kompyuta izimwe kabla ya safari, ikae mgongoni, isifungwe tena kwenye baiskeli. Mgongo wa mtu hupunguza mtikisiko, chuma hakipunguzi. Na majina yote yanakiliwe kwenye disketi, ibaki kwa padri.

Siku ya tano asubuhi Octave alirudisha betri, akawasha. Majina yalitokea, yakatulia. Akabonyeza mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akalifikia jina lile.

*Alphonsine Mbuyi. Behewa la sita. Alifariki Kamina. Amezikwa nyuma ya kanisa.*

Élise aliusoma mstari huo mara tatu kwa kidole. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha miaka miwili, na majirani wakaja kukaa chini pamoja naye. Matanga yalidumu siku tatu. Waliokuja waliuliza kwa siri kama ndugu zao pia wameandikwa.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama mlangoni pa ofisi wakingoja. Octave alifika amelowa mpaka mifupa. Akafungua mfuko mbele yao, akapapasa ndani. Palikuwa pakavu.

“Jina ya nani?” akamwuliza wa kwanza.