Poda Juu ya Kovu

"Umemaliza kusoma, au nikugeuzie ukurasa?"

Swali lilimkuta kijana ameduwaa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, kopo la rangi nyeusi mkononi, macho yameganda begani kwa dada aliyemtangulia kwenye foleni. Nyuma yao watu walisukumana. Huyu anadai misumari, yule analia na bei ya saruji. Dada alivaa ovaroli la buluu lililokunjwa hadi kiunoni na fulana nyekundu isiyo na mikono. Kutoka bega la kushoto kuelekea shingoni lilipanda kovu nene, linalong'aa, kama kamba iliyopitishwa chini ya ngozi.

"Samahani, dada. Bado niko kwenye utangulizi."

Foleni nzima ikacheka. Dada hakucheka, ila pembe ya mdomo wake ilimsaliti.

"Na hiyo rangi nyeusi unakwenda kumpaka nani?"

"Dirisha. Kazini, hospitalini, tunataka chumba chenye giza totoro. Tunapiga picha makovu."

"Makovu!" Akamgeukia mzima mzima. "Leo nimekutana na mwehu mwenye mshahara."

Karakanani dada huyo walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alipokuwa bado mwanafunzi wa kazi, kipande cha chuma chekundu kilimwangukia begani. Kidonda kilipona, kovu likakataa kutulia. Likavimba, likavuka mipaka ya jeraha lenyewe, likatambaa. Watu wakamletea skafu, mafuta na ushauri. Mafuta aliwarudishia, ushauri aliuacha mlangoni, skafu akafutia grisi. "Anayeona vibaya afumbe macho," alisema. "Mimi sitajifunga kama mzigo."

Walibadilishana namba za simu palepale kwenye kaunta, na haikupita muda kijana akapewa jina kwa kazi yake ya kumulika makovu: Bwana Taa.

"Bwana Taa, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Wewe?"

"Nimekula moshi tangu asubuhi."

"Njoo nikulishe."

"Utanilisha nini wewe, picha?"

Mapenzi yakaiva. Kisha mama yake Bwana Taa akaiona picha ya Cheche kwenye simu ya mwanawe. Akaitazama, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Mzuri. Lakini bega hilo likakatwe kabla ya harusi."

Bwana Taa alimfikishia Cheche maneno hayo yote bila kuyapunguza makali.

"Na wewe unasemaje?" Cheche aliuliza.

"Mimi nasema tulitazame kwanza. Rangi yetu ya vipimo hunata kwenye chembe zinazoendelea kujenga kovu. Ukimulika taa ya buluu, zinawaka. Zikiwaka pembeni, kovu bado lina njaa. Ukilikata hivihivi, linaweza kurudi na ndugu zake. Daktari wetu ameniruhusu nikupime."

Cheche akakubali. Walipanga kwamba baada ya kipimo waende pamoja kunywa chai kwa mama. Ndiyo maana siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye mikanda myembamba mabegani, na ndiyo maana, mbele ya kioo cha choo cha hospitali, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichovya vidole kwenye poda akaupaka ule mwinuko wa bega. Akajitazama. Akaona mtu mwingine. Haraka akajifuta kwa karatasi, akaingia.

Chumba kilikuwa cheusi kama sufuria iliyoungua. Bwana Taa alipaka rangi yake kwa pamba, akasubiri, akaisuuza taratibu, akawasha taa. Kwenye skrini bega zima liliripuka mwanga, hadi shingoni. Kijana akashika pumzi. Halafu akaikaribia skrini, akatazama tena, na akaangua kicheko.

"Kovu haliwaki kwa mistari ya vidole, mpenzi! Rangi imenata kwenye kitu kingine. Umepaka nini?"

"Unanicheka?"

"Hapana, ni kwamba..."

"Tangu niungue nimelibeba bega hili wazi mbele ya watu. Leo tu, siku moja, nimeogopa. Mashine yako imenichongea, na wewe unacheka!"

Chai ya mama ikapoa bila mgeni.

Simu ziliita hadi betri ikachoka. Ujumbe mmoja tu Cheche aliusoma: *Cheche haizimwi kwa vumbi, wala haiwekwi kwapani, nilicheka kwa kupona, si kwa kukudharau moyoni.* Akautazama sana, akavaa kofia yake ya kuchomelea, akaunguza waya mwingi kuliko kazi ilivyotaka.

Kisha ikaita namba asiyoijua.

"Mwanangu, ni mama yake Taa wako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari wa upasuaji amenipa nafasi Ijumaa. Tukate, yaishe, tuanze upya."

Damu ikampanda Cheche. "Mwanao ndiye kakutuma?"

"Anitume nani? Huyo ameninunia. Anasema mwenye kisu apite kwanza mwilini mwake. Sijui umemlisha nini!"

Cheche akakata simu. Alikwenda bombani, akasugua bega kwa sabuni, akaondoka na ovaroli lake kama lilivyo.

"Nimeosha," alisema mlangoni pa chumba cheusi. "Washa taa yako."

Bwana Taa alimpaka rangi kwa pamba. "Nilicheka kwa sababu niliogopa. Nilidhani limekupanda hadi shingoni. Nilipoona vidole, nikarudiwa na pumzi."

"Na mimi nilipaka kwa ajili ya macho ya mama yako. Hicho ndicho kilichoniuma, si kicheko."

Taa ikawaka. Katikati kovu lilikuwa giza. Pembeni ulizunguka uzi wa kijani.

"Katikati limelala," alisema kijana. "Pembeni liko macho. Daktari atakwambia mwenyewe, lakini kisu peke yake ni kulichokoza. Zipo sindano za kulituliza."

"Muwasho ukinizidi nitachoma sindano. Ila kwa ajili ya macho ya watu, silikati. Mpigie mama. Weka sauti ya juu."

Simu ikapokelewa.

"Mama, huyo daktari wa Ijumaa mwambie apumzike. Harusini nitavaa gauni la bega wazi. Bega hilihili."

"Ee! Watu watasema nini?"

"Watasema bibi harusi ana kovu. Kisha watakula."

Mama akaguna.

"Mbishi wewe."

"Sana, mama."

"Hilo gauni... la rangi gani?"

"Jekundu."

"Jekundu litakukaa," mama alisema, akakata simu.

Bwana Taa alikuwa amekodoa macho gizani. "Harusi? Mbona sijaposa?"

"Umechelewa. Nimeposa mimi. Jibu."

"Ndiyo. Hata kabla ya utangulizi, ndiyo."

Akanyoosha mkono kuzima taa, Cheche akaudaka. Akauvua glovu, akauweka juu ya kovu. Kwenye skrini vikatokea vidole vitano vyeusi, vimetulia juu ya uzi unaowaka.

"Piga picha," alisema. "Hii ndiyo ya ukutani."