Chupa ya Sita

Mjomba wangu Msabah aliogopa vitu viwili tu duniani: mbwa, na kazi ya kuamrishwa na mtu. Ndiyo maana mwaka 1954, Serikali ilipotangaza kandarasi ya kuchota maji ya kupimwa kwenye spitali ndogo za shamba, yeye alikuwa wa kwanza kupeleka barua. Aliyenihadithia haya ni mama yangu, dada yake wa tumbo moja, na mama si mtu wa kutia chumvi hata kwenye mchuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Spitali sita, visima sita, chupa sita. Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, alikula vitumbua vyake nyumbani Ng'ambo, Unguja mjini, akafunga sanduku la bati nyuma ya baiskeli, akashika njia. Kila chupa aliitia kizibo na lakiri, nta nyekundu ya kufungia, kisha akaibandika karatasi yenye nambari ya kisima na maneno haya: Nimechota kwa mkono wangu. Kesho yake jioni alizifikisha maabara mjini, kwa mpima maji aliyeitwa Abrahman. Maji yakionekana safi, karatasi ya muhuri ilipelekwa kubandikwa mlangoni mwa spitali ile, na wagonjwa wakanywa bila ya maji kuchemshwa. Nani atapoteza kuni kuchemsha maji yenye muhuri?

Nambari Sita ilikuwa mbali, kaskazini, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake wapo na wanasikia. Ndiko alikozaliwa mke wa mjomba, Mwanakheir.

Mara ya kwanza kuchota, mjomba alifika huko adhuhuri, jua kichwani. Mtunza spitali, mtu wa Tumbatu aliyeitwa Jecha, alimpa ndoo na kamba.

"Ndoo ya kwanza usiimwage, bwana," akamwambia kwa upole. "Irejeshe kisimani. Ya mwenyewe hiyo."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye maji."

Sheria ya kandarasi ilisema vyengine: ndoo ya kwanza imwagwe, chupa ijazwe kwa ya pili. Mjomba hakuwa mtu wa sheria, lakini alikuwa mtu wa ubishi, na siku ile sheria na ubishi vilikwenda njia moja. Akaimwaga chini. Akateremsha ya pili. Kamba ilipolegea mkononi, akamsikia mkewe akimwita kutoka chini kwenye maji.

"Msabah. Njoo unishike mkono."

Mwanakheir wakati huo alikuwa Ng'ambo, barazani, anasuka ukili wa mkeka na mama yangu.

"Naam," mjomba akaitika.

Hakufikiri. Mwanamme wa Unguja mwite hata usingizini, atakuitikia naam. Tabu ni kwamba neno hilo ni la kuitika na ni la kukubali pia, na aliyekuita ndiye anayejua amelichukua kwa maana gani.

Jecha alikuwa amesimama hatua mbili tu. "Unamwitikia nani?"

"Hukusikia wewe?"

"Mie sikusikia kitu." Jecha akaichukua kamba mkononi mwake, taratibu, akashusha sauti. "Ukiitwa tena hapa, usiitike. Ya kwanza husamehewa. Ukiitika ya pili, umekwenda."

Mjomba hakurudi tena. Tangu siku hiyo chupa ya sita aliijaza kwenye mfereji wa mtaani kwao, mswaki mdomoni, akiwasalimu wapita njia. Kisha akaandika: Nimechota kwa mkono wangu. Wala hakusema uongo, mkono ulikuwa wake. Abrahman aliwahi kumtania. "Kisima chako cha sita hakina hata chokaa. Maji ya shamba gani haya?" Mjomba akacheka, Abrahman akacheka, muhuri ukapigwa. Ikawa hivyo miezi minane.

Katika miezi hiyo Mwanakheir akashika mimba. Walikuwa wameingoja miaka tisa. Mama anasema mjomba alibadilika kabisa. Alikuwa akimkataza mkewe hata kuinua birika. Mimba ilipoingia mwezi wa saba, Mwanakheir akaanza kufunga nguo zake.

"Uzalie hapa mjini," mjomba akamwambia. "Spitali kubwa iko karibu."

"Mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, Msabah. Unataka mama anambie n'na kiburi cha mjini?"

"Na maji ya kule?"

Mwanakheir alimtazama kwa mshangao. "Maji ya kule si unayapima wewe mwenyewe?"

Mama yangu alikuwepo. Anasema ndugu yake aliuchukua ule mzigo wa nguo na kwenda kuupakia garini. Neno moja tu lingemzuia mkewe, na neno hilo lingemwaibisha. Akachagua kutoaibika. Mimi nimemsamehe mambo mengi mjomba, hilo bado.

Masika yalikuja makubwa mwaka ule. Siku ya tisa ya mvua, dereva wa gari la shamba alisimama mlangoni hata salamu asitoe. "Mkeo yumo spitali kwao. Tumbo linamwendesha tangu jana. Si yeye peke yake."

Mjomba alikwenda kwa baiskeli katika tope. Alianguka mara nne. Alipofika, mvua ilikuwa imekatika na jua la mchana linawaka. Nyuma ya spitali aliona choo kimebomoka na maji yake yameteremka bondeni, upande wa kisima. Akasimama hapo kidogo. Kisha akakimbia.

Vitanda vilikuwa sita na wagonjwa kumi na tisa. Mkunga, Bi Kidawa, mwanamke wa makamo aliyekesha siku mbili, alikuwa akipita na jagi na kikombe.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Pita, mkeo yuko dirishani. Wanne washatutoka." Akajaza kikombe. "Anayeharisha humpi kitu ila maji, maji, maji. Tunawanywesha kwa wingi. Alhamdulillahi, maji yetu salama." Akaonyesha mlango kwa kidevu.

Karatasi ilikuwa pale. Muhuri wa wiki iliyopita.

Mwanakheir alikuwa amekauka midomo. Macho yameingia ndani. Bi Kidawa akamwinua kichwa, akamtia kikombe mdomoni, naye akanywa kwa pupa. Mjomba akakipiga kikombe kikaanguka.

"Una wazimu?"

"Msiwape," akanong'ona. "Sikuchota. Miezi minane sikuchota hapa."

"Ulichota wapi?"

"Mferejini. Kwetu."

Chumba kizima kilimsikia. Hakuna aliyepiga kelele, na mama anasema hilo ndilo lililomvunja ndugu yake. Bi Kidawa aliutazama mlango, akamtazama yeye, kisha akamtia jagi tupu mkononi. "Maji mengine hatuna. Wende ukachote, mie ntawasha moto. Tuyachemshe. Na ufanye haraka, huyu wako hana saa."

Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka dirishani. Alisimama, mgongo kwa spitali. Akateremsha ndoo. Akaipandisha. Safari hii hakuimwaga chini. Aliirejesha polepole, akisema hodi, akisema radhi, akisema kila alilojua. Akateremsha ya pili.

"Msabah."

Sauti ile ile.

Kamba ikasimama mkononi.

"Msabah. Njoo unishike mkono."

Ilitoka chini. Au nyuma. Hakujua. Alikumbuka maneno ya Jecha: ukiitika ya pili, umekwenda. Na akienda yeye, nani atapeleka maji? Akaukunja ukosi wa shati, akautia mdomoni, akauma.

"Msabah."

Hakuitika. Alivuta kamba. Alijaza jagi. Nusu ya maji ilimwagikia miguuni, lakini hakuitika. Akarudi mbio, na njiani, mama anasema, alikuwa karibu kufurahi. Alidhani amekishinda kisima.

Bi Kidawa alikuwa amekaa juu ya kitanda cha Mwanakheir. Moto haukuwashwa.

"Kakuita mara tatu," akasema. "Anakuona mgongo wako kwa dirisha hili. 'Msabah, njoo unishike mkono.' Hukuitika."

Mkono wa Mwanakheir ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, kiganja wazi. Mtoto alikwenda naye.

Jioni ile, baada ya maziko, mjomba alirudi kisimani akachota chupa mbili, kwa mkono wake kweli. Moja aliifikisha maabara, akakiri kila kitu. Kisima kikafunikwa na kandarasi ikavunjwa. Ya pili aliitia lakiri, akaibandika karatasi yake, akaja nayo kwa mama. Hakusema ya nini.

Aliishi miaka miwili zaidi. Katika miaka hiyo alimwitikia kila mtu na kila kitu. Muuza kahawa akigonga vikombe, mjomba: naam. Kunguru akilia juu ya bati: naam, nakuja. Usiku mama alimsikia chumbani akiitika, akingoja, akiitika tena. Alikufa asubuhi moja amekaa kitako, mkono mmoja ameunyoosha mbele.

Chupa ile ipo mpaka leo, kabatini kwa mama. Maandishi yamefifia lakini yanasomeka: 6. Nimechota kwa mkono wangu. Lakiri haijavunjwa.

Mama sasa amezeeka na anasahau. Mwezi uliopita, saa nne ya asubuhi, mimi nachambua mchele, yeye anaitafuta miwani yake, akaita kama alivyokuwa akiita zamani, "Msabah."

"Naam," ikaja kutoka kabatini.

Niliuweka mchele chini. Nilikwenda nikafungua. Chupa ilikuwa imerowa nje na ni ya baridi, na kwenye vumbi la ubao wa kabati pamechorwa alama ya vidole vitano, kama vya mtu aliyenyoosha mkono ashikwe. Lakiri ilikuwa nzima. Nikamgeukia mama, nikijua amesikia.

Alikuwa amekwisha kuipata miwani na anaifuta kwa kanga.

"Mwache," akaniambia. "Afadhali sasa anaitika."