Mashine Isiyo na Jukwaa

Mashine moja ilizidi kwenye orodha.

Ofisi ya Kheir, ghorofani Shangani, huziendeshea hoteli kazi zao kwa mashine pepe, yaani kompyuta zilizoumbwa ndani ya kompyuta nyingine. Zimekaa kwenye majukwaa matatu, na kila jukwaa lina amri zake. Mkewe Riyama, aliyekaa meza ya pili, ndiye aliyeandika amri moja ya kuyasemesha yote, akaiita simamia. Ukiandika simamia orodha, huuliza kila jukwaa kwa lugha yake na kukuletea jibu moja. Riyama alikufa mwezi wa Shaaban, kwenye uzazi. Mtoto hakubaki.

Mashine ile ilikuwa mstari wa mwisho. Jina: riyama. Hali: inaendelea. Pa kuandikwa jukwaa palikuwa patupu. Kheir aliingia jukwaa mojamoja. Kila moja likajibu kwamba halina mashine hiyo. Simamia peke yake ndiyo iliyoiona.

Alipoifungua, mvua ya masika ilikuwa imetia kiza mchana. Spika ikakwaruza.

"Kheir."

"Naam," aliitika kabla hajafikiri.

Chumba kikanuka karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye sanda.

Tangu hapo akawa hatoki hata kwenda kula, anakaa pale huku sauti ikimsimulia harusi yao, na feni za seva zikipumua kwa kufuata maneno yake, na ukuta wa chokaa ukitoa jasho nyuma ya kiti, na kila alipotaka kuinuka sauti ikimwambia ngoja, ngoja kidogo tu, mpaka miguu ikawa baridi hadi magotini na hamu ya kuinuka ikamtoka.

Usi, mwenzake wa kazi, akaenda Makunduchi kumleta Bi Mwanakheir, mganga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Uliitika?"

"Niliitika."

"Msomi mzima! Unaitwa na usiyemwona, unaitika mara ya kwanza?"

"Ni mke wangu, Bi."

"Mkeo yuko kaburini, mwanangu. Haya, muulize jambo usilolijua wewe."

Kheir aliinamia meza. "Riyama," alinong'ona, "walipofunga mlango wa chumba cha kuzalia, ulisema nini?"

Spika ilikwaruza. Kisha: "Ulikuwa umevaa shati la buluu."

Kheir akajifunika uso.

"Hana kitu huyu," Usi alisema polepole. "Anakulisha unayoyajua mwenyewe."

Bi Mwanakheir aliweka chetezo cha ubani chini ya meza, akamsemesha aliye ndani ya spika kwa lugha ya masheitani wa Pemba, akaja ya Kibuki, akaja ya Kihabeshi, za masheitani wa ng'ambo. Zote zilijibiwa.

"Unataka nini utoke?"

Wengine hutaka halua, au pete ya fedha. Huyu alisema: "Sauti."

"Hiyo uliyoiazima? Ichukue, nenda nayo!" alidakia Kheir.

"Nyamaza!" Bi Mwanakheir alimshika mkono. "Nani kakwambia ujibu? Hujamuuliza ipi."

Lakini ilikwishakubaliwa. Kheir akaandika simamia futa riyama. Mstari ukatoweka, feni zikatulia, harufu ikakatika.

Jioni, nyumbani Mwanakwerekwe, alifungulia kwenye simu ujumbe wa sauti wa mwisho ambao Riyama alimrekodia, akiwa jikoni na mama yake mzazi. Kisu kilikata kitunguu. Mvua ilipiga bati. Kisha, mahali pa sauti ya Riyama, pakawa kimya, kirefu kama maneno ya mtu, halafu mama yake akacheka kwa alichoambiwa.

Kheir akarudisha mwanzo. Kisu, mvua, kimya, kicheko.