Mgeni wa Kisima cha Ansab

Siri za viumbe anazijua Mola peke yake; sisi twasimulia yaliyodhihiri. Alasiri moja ya mwaka 2003, Mahfoudha alisikia harufu ya tope bichi ikitoka ukumbi wa wageni. Nyumba hiyo ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos mumewe Harub, mjumbe wa baraza, alizawadiwa na tajiri Khattab, naye Harub akamlipa kwa sahihi: kisima cha wakfu cha Ansab kikafukiwa, yakajengwa maduka.

Ukumbini alikaa mzee wa kanzu nyeupe, upindo ukichuruzika maji. Harub alikuwa akimmiminia kahawa.

"Nani huyu?" Mahfoudha alinong'ona mlangoni.

"Sijui. Hajatikisa kikombe."

Na hiyo ndiyo ada ya Oman: mgeni asipotikisa kikombe, humiminiwa, wala haulizwi haja yake kabla hajatosheka.

"Basi utamnywesha mpaka Kiyama, bwana we?"

Harub akarudi kummiminia.

Mzee akawa haji ila alasiri, haondoki ila magharibi, na kila adhana ilipolia yalisikika maji chini ya sakafu, kama kaumu nzima inayotawadha, mikono, vinywa, nyuso na miguu, ilhali mifereji yote ya nyumba imefungwa na Mahfoudha ameishika kwa mikono yake akaiona mikavu.

Akaletwa Maalim Muhanna, akasoma Ayatul Kursiy. Mgeni akaisoma pamoja naye, kwa tajwidi iliyoshinda yake.

"Huyu Muislamu mwenzetu," alisema Maalim kwa sauti ya chini. "Jini mwenye haki simfukuzi. Mrudishie kisima chake cha Ansab, Harub."

"Nikikirudisha nitaulizwa kwa nini nilikitoa. Kiti changu kitakwenda."

"Kiache kiende," Mahfoudha alimsihi. Mumewe hakumsikia.

Mwaka uliofuata Khattab alikamatwa kwa rushwa, akamtaja Harub. Harub akavuliwa ujumbe, nyumba ikachukuliwa, wakahamia chumba cha uani kwa dada yake Mahfoudha. Alasiri ya kwanza, mzee alikuwa keshaketi juu ya mkeka.

Harub akapiga magoti. "Nimekubali, sheikh. Kisima nitakurudishia."

Kwa mara ya kwanza mzee akatikisa kikombe, akakiweka chini. "Kwa sahihi ipi?"

Harub akautazama mkono wake wa kulia. Sahihi yake haikuwa na nguvu tena hata ya kufungulia duka.

"Nnajua, mwanangu," alisema mzee kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha Mahfoudha. "Basi mwambie mkeo awafungulie mlango watu wangu. Wako nje tangu kisima kufukiwa, wazee na watoto, na hawana pengine."

Mahfoudha alikuwa keshafika mlangoni, wala hakujua miguu yake imemchukua saa ngapi. Komeo lilikuwa limelowa.