Nikeli Ilipomkataa Nyongesa

Soko la Nakawa lilifurika siku Acan alipogongana na kijana mrefu mbele ya kibanda cha mafuta. Acan, mwalimu wa kemia, alivaa gauni la kitenge cha manjano. Mkono mmoja ulishika chupa ya mafuta ya kupikia ya maji, mwingine kopo la mafuta mgando.

"Dada, una karamu?"

"Nafundisha alkeni, zile kemikali zenye bondi maradufu. Nataka wanafunzi waone mafuta haya ya maji yakipata haidrojeni yanaganda kama haya ya kopo."

Kijana akacheka. "Hilo kopo nimeligandisha mimi! Naitwa Nyongesa. Kule kiwanda cha mafuta mimi ndiye ninayetia unga wa nikeli wa kuharakisha kuganda."

"Kichocheo chenyewe! Kumbe wewe ndiye unayevunja bondi zangu?"

"Nisamehe, mwalimu. Nipe namba nikuombe radhi vizuri."

Wakapendana. Jumapili walikula samaki Ggaba, kando ya ziwa, wakitaniana mpaka giza likaingia. Kisha Nyongesa akabadilika. Acan akitaka kumshika mkono, yeye anauficha mfukoni. Simu zikawa hazipokelewi. Acan akachoka kulia, akaenda nyumbani kwa Nyongesa, mtaa wa Kamwokya, na kugonga mlango.

"Kama una mwingine, niambie."

"Sina, mpenzi." Akamwonyesha mikono. Ngozi ilikuwa imepasuka, inatoa maji. "Nikeli imenikataa. Daktari amesema ni mzio, nisiiguse tena maishani. Niliogopa utaniona mchafu."

"Bambi, maskini! Mimi nilidhani umenichoka." Acan akaipakata mikono ile, machozi yakimtiririka.

"Kazi imekwisha, Acan. Kaka yangu ana kinu cha mahindi Bungoma, kule Kenya, ananiita. Twende tukaoane."

 Lakini baba yake Acan, askari mstaafu, alikuwa amepooza upande mmoja, na hakuwa na mwingine wa kumlisha. Usiku ule Acan alimwuliza kama angekubali kuhamia Kenya. Mzee akaelekeza uso ukutani.

"Nizike kwanza," alisema, "halafu uende."

Nyongesa akaondoka peke yake. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye mara mojamoja. Mwaka wa pili akapiga asubuhi.

"Mama amenitafutia mchumba. Ukisema neno moja tu, nakataa."

Acan alimtazama baba yake akingoja uji, mdomo wazi kama mtoto.

"Ni mwema?"

"Ni mwema."

"Basi muoe, Nyongesa. Umtunze."

Akakata simu, akakoroga uji, akaupuliza.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Rafiki, Baba. Anaoa."

Akampa kijiko cha kwanza.