Zizi Lisilo na Samadi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Isacko Huka aliinywa akiwa amesimama kando ya lori la kwenda Balambala, akarudisha kikombe, akamwambia Adow asichanje mnyama yeyote mpaka yeye arudi kesho yake alasiri. Saa sita mchana zizi lifungwe. Saa hiyo, alisema, si ya watu.

Adow alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mifugo. Utaratibu wa mwaka ule, 1951, ulikuwa huu: baada ya miaka miwili darasani, mwanafunzi alipelekwa kituoni miezi mitatu kujifunza kwa mikono chini ya msimamizi. Kila jioni aliandika kazi ya siku katika daftari, na msimamizi akatia saini. Aliyefikisha saini tisini alipewa cheti. Asiyefikisha alirudi kwao. Adow alikuwa ameugua malaria siku kumi na moja, na muda wa kuzifidia haukuwapo. Isacko, msimamizi wake, alimtania kwa kumwita daktari wa karatasi, lakini hakuwahi kutia saini kazi ambayo haijaisha.

Saa sita ilipofika, Adow alisikia kengele za mti zinazofungwa shingoni mwa ng'ombe. Langoni alisimama mzee mwenye shuka nyeupe, na nyuma yake ng'ombe arobaini. Adow alimweleza kwamba msimamizi hayupo.

"Umepungukiwa siku ngapi?" mzee akauliza.

Jambo hilo Adow hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya kituo. Alipaswa kufunga lango. Badala yake alijibu, "Kumi na moja."

"Basi chanja."

Alichanja. Ng'ombe wa kwanza hakurusha teke, wa pili hakulia, na kadiri alivyoendelea alitambua kwamba hapakuwa na nzi hata mmoja, kwamba vumbi halikupanda chini ya kwato, kwamba harufu iliyojaa zizini haikuwa ya ng'ombe bali ya udongo uliolowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitano, na kwamba kila alipoichomoa sindano ilitoka baridi kama iliyolala kisimani, lakini mkono wake haukusita, mnyama baada ya mnyama, kwa ustadi ambao asubuhi ile hakuwa nao, mpaka arobaini wakaisha.

"Lete daftari," mzee akasema.

Isacko aliporudi alilisoma daftari kwa muda mrefu. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimejazwa, na kila moja ilikuwa na saini ya Isacko mwenyewe, ambayo hakuitia. Hakugomba. Alikwenda zizini, akalizunguka akitazama chini, akarudi.

"Walikaa muda gani?"

"Kama saa mbili, adeer," Adow akajibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Ng'ombe arobaini, saa mbili. Samadi iko wapi?"

Adow akatazama. Ardhi ilikuwa safi kama iliyofagiliwa.

"Ukizipeleka kurasa hizi chuoni," Isacko akasema kwa sauti ya chini, "msimamizi wako ni yule, si mimi. Atakuita kazini, na utakwenda."

"Na nikizichana?"

"Utapungukiwa. Nitawaomba wakuongezee siku. Sijui kama watakubali."

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala, Adow alizichana kurasa zote kumi na moja, akazichoma chini ya sufuria ya chai. Akamwandikia mkuu wa chuo kwamba amepungukiwa. Kisha akaenda zizini. Lango lilikuwa limefungwa kwa fundo alilolifunga yeye mwenyewe. Ndani, samadi mbichi ilijaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama ya ng'ombe arobaini, ingali ikitoa mvuke.

Alimwita Isacko. Isacko akaja, akasimama langoni. Adow akafungua ukurasa mpya, akaandika kazi ya siku: kuzoa samadi. Akachukua sepetu, akaingia.

Alikuwa hajazoa hata mara tatu Isacko alipolichukua daftari na kutia saini.