Bidoni la Baba

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mbabula, jiko la makaa, Fadhila na mama yake walikuwa na kazi ambayo nyumba nyingine za mtaa wa Buyenzi hazikuwa nayo. Waliinama, wakavuta kutoka chini ya kitanda bidoni, dumu la njano lililojaa esansi, mafuta ya gari, wakalitoa mpaka kivulini nyuma ya nyumba. Likiachwa ndani, joto la mabati lililivimbisha tumbo. Jioni, kabla ya saa ya kutotoka nje, walilirudisha chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Lilitunzwa kuliko mtoto mchanga, na liliharibu usingizi kuliko mtoto mchanga.

Lilikuwa la baba. Atumani alikuwa dereva wa takisi. Wakati wa ambargo, nchi jirani zilipofunga mipaka na vituo vya mafuta vikakauka, alilinunua kwa watu waliovuka ziwa na magendo. Kisha takisi ikaharibika giaboksi. Akaiegesha uani, akaenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, kutafuta vipuri.

"Muchunge ile bidoni," alimwambia mkewe mlangoni. "Nikirudi, gari inaondoka siku ile ile."

Vita, ambavyo nyumbani vilikuwapo tayari, vikazuka upande wa Uvira pia. Atumani hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake.

Ambargo ikaondolewa, mafuta yakarudi vituoni. Lakini Sijaona, mama yake Fadhila, hakutaka mtu aliguse lile bidoni. Esansi ilikuwa imegeuka kahawia kama chai iliyolala, na harufu yake kali iliingia kwenye mashuka na hata kwenye mkate. Anouar, mdogo wake Fadhila, ambaye alikuwa hajafikia umri wa shule, aliamka kila siku ameshika kichwa na hataki kula.

Jumamosi moja Amélie, aliyekaa dawati moja na Fadhila, alikuja wasome pamoja. Hakumaliza hata zoezi la kwanza la hesabu.

"Sha, kwenu kunanuka kama ku stasiyo ya esansi!" alisema akiziba pua. "Munalala humu?"

"Tumezoea."

"Na Anouar amezoea? Angalia macho yake. Ile kitu muimwage mu mutaro, iende na maji."

Amélie alipoondoka, Fadhila alimfuata mama yake, aliyekuwa akichambua maharage.

"Mama, ile esansi imeharibika. Tuitupe."

Sijaona hakuinua uso. "Baba yako akikuja akiuliza iko wapi, nitamwambia nini? Tulichoka kumungojea?"

"Lakini Anouar anaumwa kichwa..."

"Apana, Fadhila. Usinisemeshe hayo tena."

Fadhila alirudi kwenye daftari lake. Ni vigumu kumwambia mama yako kwamba huenda baba hatarudi, hasa kama wewe mwenyewe kila honi ikilia njiani unageuza shingo.

Mama alipokwenda sokoni, Fadhila alifungua kifuniko cha bidoni. Hewa ikatoka kwa kishindo. Akaliinamisha juu ya mtaro uliopita nyuma ya nyumba zote za safu ile. Alikusudia kumwaga kidogo tu, na Jumamosi nyingine kidogo tena, mama asitambue. Mafuta yakaelea juu ya maji machafu, yakang'aa rangi nzuri, yakateremka polepole. Anouar alikuwa ameketi ukingoni, mbele kidogo, miguu ndani ya mtaro kama kawaida yake.

Fadhila alikuwa amesahau jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Mtaro ule ndio uliokuwa jaa la majivu. Kila mwanamke aliyemaliza kupika alikung'utia mbabula yake humo. Na kweli, huko chini jirani yao Léoncie alitoka, akamwaga majivu yenye makaa bado mekundu, kama alivyofanya miaka yote.

Moto ulilipuka. Ukapanda mtaroni mbio, ukiyafuata mafuta kurudi yalikotoka.

"Anouar!"

Fadhila aliliacha bidoni wazi, akakimbia, akamkamata mdogo wake kwapani na kumvuta. Kandambili moja ya mtoto ilibaki ndani ya moto, ikayeyuka. Léoncie akaja na ndoo ya maji, akamwaga yote. Badala ya kuzimika, moto ukasambaa juu ya maji na kusogea karibu zaidi na bidoni.

"Apana maji! Mchanga! Leteni mchanga!"

Alikuwa Massoudi, fundi wa magari na rafiki wa baba, aliyekuwa akipita njiani. Kwanza alilifunga bidoni na kulivuta mbali, kisha akashika sepetu na kuufukia moto mpaka ukafa.

Sijaona aliporudi alimkuta Anouar analia, kifundo cha mguu kimejaa malengelenge. Kikapu kikamponyoka. Aliuweka mguu wa mtoto kwenye beseni la maji baridi, akakaa hapo kitambo kirefu. Hakumgombeza Fadhila, na hilo lilimuuma Fadhila kuliko fimbo.

"Shemeji, ichukue hii kitu," alimwambia Massoudi hatimaye. "Ipeleke popote."

Massoudi alikuna kidevu. Kwenye karakana yake kulikuwa na pipa la chuma lenye kifuniko, ambamo mafundi waliweka mafuta mabovu ya kuoshea vyuma. Tatizo lilikuwa njia. Kabla ya kufika karakana kulikuwa na baryeri, kizuizi cha askari. Miaka ile nyumba nyingi za mji zilikuwa zimechomwa kwa esansi, na mtu aliyetembea na bidoni mkononi aliulizwa anakwenda kuchoma nyumba ya nani. Kijana mmoja wa mtaa wao alikuwa amekamatwa hivyo, na mama yake alikuwa bado anazunguka akimtafuta.

"Tuimwage mu choo?" Fadhila aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mutu akiingia na sigara yake, tunamuzika."

"Tuifukie?"

"Udongo utainywa, mutoto wangu. Kesho munaikula mu mboga ya lengalenga."

"Tuichome mbali kidogo?"

"Askari wakiona moshi ule, watafika kabla hujasema bismillahi."

Milimani juu ya mji bunduki zililia, na hakuna aliyegeuka kutazama. Kukaa na bidoni hawakuweza, kulitoa hawakuweza. Fadhila alilia kimya kimya, macho yake yakiitazama takisi ya baba pale uani, imejaa vumbi, na kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma.

Akafuta machozi, akamwita Massoudi kama mtu anavyomwita mjomba wake. "Tonto Massoudi, gari likipita ku baryeri, wanafungua tangi?"

Massoudi alimtazama, kisha akaitazama takisi. "Apana," alisema taratibu. "Esansi mu tangi si kosa. Hapo ndiyo nyumba yake."

Kesho yake asubuhi, uani hapakuwashwa mbabula hata moja. Watu walikula mkate mkavu. Betri ya takisi ilikuwa imeshauzwa, kwa hiyo hapakuwa na cheche ya kuogopa. Massoudi aliwafukuza watoto mbali, akaweka faneli, akamimina esansi tangini kidogo kidogo mpaka bidoni likaisha. Akajaza matairi upepo, akaita majirani.

"Mama Fadhila, ingia, ushike usukani."

"Mi? Sijawahi kuigusa!"

"Wanaume wote wanasukuma. Nani mwingine?"

Sijaona akaingia, akakaa mahali pa mumewe. Takisi ikalalamika, ikatoka uani. Fadhila alisukuma nyuma pamoja na wengine, harufu ya esansi puani, midomo ikisoma kila dua aliyofundishwa madrasa.

Kwenye kizuizi askari aliinua mkono.

"Takisi ya nani?"

"Ya bwana yangu," alijibu Sijaona.

"Na yeye iko wapi?"

Sijaona alishika usukani kwa nguvu.

"Tunamungojea," mama yake alisema.

Askari alimtazama kidogo. Kisha akasukumia bunduki mgongoni, akaweka mkono kwenye mlango. "Haya, musukume," akasema, na yeye mwenyewe akasukuma mpaka walipopita.

Karakanani, Massoudi alilala chini ya gari, akafungua boliti ya tangi. Esansi ya kahawia ikashuka yote kwenye debe, debe likamiminwa pipani, pipa likafunikwa. Lile bidoni tupu alikuwa ameliacha nyumbani, amekwisha kulitoboa kwa kisu, mtu asije akalichotea maji ya kunywa.

Sijaona alikuwa bado ameketi kwenye usukani.

"Alisema gari itaondoka," alisema. "Imeondoka, na yeye hayuko." Akainamisha kichwa, akalia kwa sauti, na Fadhila akamshika mkono, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya.

Massoudi alipangusa mikono yake kwa kitambaa mpaka kilio kikapungua.

"Kumungojea mutu si kosa, shemeji. Mumungojee, na mi ninamungojea. Lakini kitu munachomutunzia kisiue watoto wake. Mafuta yakiharibika hayawi tena mali, yanakuwa moto unaongoja siku yake." Kisha akamgeukia Fadhila. "Na we, mutoto wangu, ulitaka kumuponya ndugu yako, lakini ulifanya kwa siri. Kitu cha hatari hakitupwi kwa siri. Unatafuta mutu anayekijua, unamuuliza. Ungekuja kwangu siku ya kwanza, Anouar angekuwa anakimbia leo."

"Ndiyo, Tonto," Fadhila alisema.

Jioni ile, saa ya kutotoka nje ilipokaribia, Fadhila na mama yake walijikuta wote wawili nyuma ya nyumba, wamesimama kivulini, mikono mitupu. Walitazamana, wakaingia ndani, wakafungua dirisha na kulala.

Asubuhi Anouar aliamka mapema. Hakushika kichwa. Alichechemea mpaka kwa mama yake, akaomba mkate.